Kiisha kupasuliwa moyo: pontaji ni ya waganga, kupona ni kazi ya nyumbani

Siku hizi mu miji yetu ya Kivu si ajabu tena kusikia kwamba muzee fulani ametoka Dar es Salaam, Kampala ao India, na kwamba «wamemupasua moyo». Familia inafurahi, majirani wanakuja kusalimia, watu wanamushukuru Mungu. Kiisha juma mbili tatu wageni wanapungua, na maswali yanaanza: Baba anaweza kupanda ngazi? Anaweza kula makayabu? Dawa hizi zote ni za mpaka siku gani? Na mbona analia usiku, yeye ambaye hatujamuona akilia hata siku moja?

Makala hii ni ya familia hizo. Jambo moja tunaomba mulishike tangu mwanzo: upasuaji unaitwa pontaji (wenye kusema Kiingereza wanaita baipasi) unafungulia damu njia mpya, lakini hauondoi ugonjwa uliofunga njia ya kwanza. Ugonjwa ule unarudi naye nyumbani. Kazi ya kuuzuia inafanyika jikoni, ku farmasi na ku barabara ya kutembelea, kila siku.

Shambulio la moyo ni nini?

Moyo ni musuli unaosukuma damu mu mwili muzima. Nao pia unahitaji damu yake, na damu hiyo inapita mu mishipa midogo inayouzunguka kwa inje. Kwa miaka mingi mafuta yanajikusanya ndani ya ukuta wa mishipa hiyo. Yanaongezeka haraka zaidi kwa mutu anayevuta tumbaku, mwenye tansio ya juu, mwenye ugonjwa wa sukari ao mwenye kolesteroli mingi. Siku moja ukuta ule unapasuka kidogo ndani, damu inaganda pale pale, na njia inafungika. Sehemu ya moyo iliyokuwa inalishwa na mushipa ule inaanza kufa. Ile ndiyo tunaita shambulio la moyo. Nyama iliyokufa haioti tena; mahali pake panabaki kovu.

Dalili inayojulikana ni maumivu ya kubana katikati ya kifua, kama mutu amewekewa jiwe, yanayoenda ku mukono wa kushoto, ku taya ao ku mugongo, pamoja na jasho baridi na kukosa pumzi. Lakini kwa wazee, kwa wamama, na kwa wenye ugonjwa wa sukari, maumivu yanaweza kukosekana kabisa. Muzee anasema tu kwamba amechoka gafula, anataka kutapika, pumzi ni fupi. Nyumbani wanasema ni malaria, ao ni gastriti, na wanamupa dawa ya tumbo. Saa zinapita, na kila saa moyo unapoteza nyama.

Ukiona dalili hizo kwa mutu mwenye umri, mupeleke moja kwa moja ku hospitali kubwa yenye mashine ya kupima umeme wa moyo. Asitembee kwa miguu, na asipande moto kama gari inaweza kupatikana. Kama hana aleji ya aspirini na hana kidonda cha tumbo kinachotoa damu, anaweza kutafuna aspirini ya miligramu 300 wakati munamupeleka.

Pontaji inafanywa namna gani?

Kuko njia mbili kubwa za kufungulia moyo damu. Ya kwanza ni kupitisha waya mwembamba mu mushipa wa mukono ao wa paja mpaka ku moyo, na kuacha pale bomba kadogo ka chuma kanaitwa stenti. Ya pili ni pontaji. Waganga huichagua mara mingi wakati mishipa kadhaa imefungika, ao wakati mushipa mukubwa wa kushoto umeguswa, ao wakati mugonjwa iko na sukari na mishipa yake imeharibika pahali pengi.

Mu pontaji, munganga anapasua mufupa wa katikati ya kifua kutoka juu mpaka chini. Anachukua mushipa ku muguu, na mara mingi anatumia pia mushipa mumoja wa ndani ya kifua. Anaushona ili damu iruke mahali palipofungika. Ni kama wakati barabara imekatika na maporomoko, na watu wanachonga njia ya pembeni. Kazi inachukua saa 3 mpaka 6. Kiisha mufupa unafungwa na nyaya za chuma zinazobaki mu kifua maisha yote, bila kuleta shida.

Upasuaji huu si jambo jipya. Katika 1967, munganga wa Argentina René Favaloro, aliyekuwa amefanya kazi miaka 12 mu kijiji kimoja cha inchi yake, aliufanya kule Cleveland, Marekani, akitumia mushipa wa muguu, na tangu hapo ukaenea duniani. Kwa jirani zetu unafanyika ku Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Dar es Salaam.

Je, uzee ni kizuizi? Umri peke yake, hapana. Watu wa miaka 70 na zaidi wanapasuliwa na wanapona. Waganga wanaangalia zaidi nguvu ya figo, mapafu, akili, na namna mutu alikuwa anatembea mbele ya ugonjwa. Lakini muzee anapona polepole kuliko kijana, na familia inapaswa kuhesabu miezi mitatu, si juma tatu.

Kwa nini kupasuliwa peke yake hakutoshi

Mufano unaojulikana ni wa Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani. Alipasuliwa mu mwezi wa 9, 2004, akiwa na miaka 58, na waganga wakamuwekea njia 4 mpya. Mu mwezi wa 2, 2010, njia moja kati ya zile ilikuwa imefungika, na akarudi hospitali kuwekewa stenti mbili. Mutu huyo alikuwa na waganga wazuri na feza za kutosha. Hata hivyo ugonjwa ulirudi.

Sababu yake inajulikana. Mushipa uliotoka ndani ya kifua unadumu sana: mara mingi kiisha miaka 10 ungali wazi. Mushipa wa muguu haukuumbwa kwa kubeba nguvu ya damu inayotoka ku moyo, na karibu nusu yake inaharibika mu miaka 10. Kinachoupa maisha marefu ni dawa, kuacha tumbaku, tansio iliyotulia, na mwendo wa kila siku.

Juma 12 za kwanza

*Hospitalini.* Siku ya kwanza ao mbili mugonjwa yuko mu reyanimasio, na mipira mu kifua na ku pua. Kama hakuna shida, anatoka hospitali kiisha siku 5 mpaka 10. Mu siku zile moyo unaweza kuanza kupiga bila mupango. Inawafikia wagonjwa mingi, zaidi wazee, na mara mingi inatulizwa na dawa. Wazee wengine wanachanganyikiwa: wanasahau wako wapi, wanaona vitu ambavyo havipo. Si ulozi, na si wazimu. Ni matokeo ya upasuaji na ya dawa za usingizi, na kwa wengi inapita. Mutu wa familia anayekaa karibu, anayemuita kwa jina lake na kumuvalisha miwani yake, anasaidia sana.

*Safari ya kurudi.* Ndege ni mpaka munganga akubali, mara mingi kiisha siku 10 mpaka 14. Kwa wale wanaopitia Kigali kwa barabara, njia ya Nyungwe iko na kona mingi. Simameni kila saa, muzee ashuke atembee dakika tano, ili damu isigande mu miguu. Mukanda wa gari afunge, na aweke muto mudogo kati ya mukanda na kifua.

*Juma ya 1 mpaka ya 6.* Mufupa wa kifua unaunga kama mukono uliovunjika. Kwa hiyo muzee asiinue kitu cha kilo zaidi ya 4 ao 5. Bidoni ya maji ya litri 20 ni kilo 20: hapana. Mufuko wa makala: hapana. Mujukuu anayekimbia kutaka kubebwa: muzee akae, mujukuu apande ku magoti. Asivute mulango mugumu, asifue nguo nzito, asiendeshe gari. Moto asipande hata nyuma, sababu shimo moja ya barabara inatosha kutikisa mufupa. Kama anataka kukohoa ao kupiga chafya, akumbatie muto ku kifua. Wakati wa kuamka ku kitanda, ageuke kwanza kwa ubavu, ashushe miguu, kiisha ainuke bila kujivuta na mikono.

Muguu uliotolewa mushipa unaweza kuvimba. Auinue juu ya kiti wakati amekaa. Kidonda kioshwe na maji safi na sabuni ya kawaida, kikaushwe polepole. Mafuta, majivu na majani ya kusaga visiguse kidonda.

*Juma ya 6 mpaka ya 12.* Mufupa unashika nguvu. Munganga akiukagua na kukubali, muzee anaanza kurudilia kazi nyepesi: bustani ndogo, duka, mikutano. Kazi nzito ya mikono ingojee mpaka kiisha juma ya 12.

Kutembea ni dawa

Hapa ndipo familia zetu, kwa upendo, zinakosea zaidi. Muzee ametoka kupasuliwa, basi kila kitu analetewa ku kitanda. Anafunikwa blanketi, anakatazwa hata kutoka inje. «Baba, pumzika tu, sisi tuko.» Kiisha mwezi mumoja miguu imekauka, mapafu yamejaa makohozi, na mwenyewe anaanza kuamini kwamba maisha yake imeisha.

Mu inchi zenye mali kuko vituo ambamo wagonjwa wa moyo wanafanya mazoezi wakiangaliwa na waganga. Imeonekana kwamba wanaofuata mazoezi hayo wanarudi hospitali mara chache kuliko wengine. Kwetu vituo kama hivyo ni shida kupata, lakini sehemu kubwa ya kazi ile haihitaji mashine. Munganga wake akikubali, mufuate hatua hizi:

- Juma ya kwanza nyumbani: dakika 5 za kutembea, mara 3 ao 4 kwa siku, pahali pa sawa.
- Kila juma ongeza dakika 5 kwa kila matembezi, na punguza idadi yake.
- Kati ya juma ya 4 na ya 6, wengi wanafika dakika 30 kwa siku.

Kipimo ni mudomo. Kama anatembea na anaweza kuzungumuza sentensi nzima, ni vizuri. Kama hawezi kumaliza sentensi, amepita kiasi, apunguze. Bukavu ni muji wa milima, na mwenye kukaa Kadutu ao Bagira anajua namna kupanda kunachosha hata kijana. Mara ya kwanza mutafute njia ya sawa, hata kama ni kuzunguka uwanja wa shule. Milima itakuja nyuma, polepole, na mutu wa kumusindikiza.

Dawa: za maisha yote, hata kama anajisikia muzima

Wengi wanatoka hospitali na dawa nne ao tano. Kila moja iko na kazi yake:

- *Aspirini* inazuia damu kuganda mu mishipa. Mara mingi ni ya maisha yote. Kiisha shambulio la moyo, wengine wanaongezewa klopidogreli, mara mingi kwa mwaka mumoja.
- *Statini* (kama atorvastatini) inashusha kolesteroli na kulinda mishipa mipya.
- *Betabloka* (kama bisoprololi) inapunguza mbio za moyo. Isikatwe gafula hata siku moja, sababu moyo unaweza kurudi ku hatari.
- *Dawa zenye jina la kumalizika na «prili»* (enalaprili, ramiprili) zinatuliza tansio na kusaidia moyo uliochoka. Zikileta kikohozi kikavu, mumuambie munganga. Kuko nyingine za kubadilisha.

Hatari kubwa inakuja mu mwezi wa 4 ao wa 5. Muzee anajisikia vizuri, dawa zinaisha, feza ni kidogo, na mutu anasema: «Sasa amepona, tupumzishe mwili na vidonge.» Anajisikia vizuri sababu anakunywa dawa. Kama feza ni shida, muambieni munganga waziwazi, awaonyeshe dawa za jeneriki na ile ambayo haiwezi kukosa hata kidogo. Nunueni ku farmasi inayojulikana, si ku meza ya barabarani. Na kwa sababu barabara zetu zinaweza kufungwa siku yoyote, muwe na dawa za mwezi mumoja mbele, kama vile munaweka unga.

Kwa maumivu ya viungo, wazee wetu wanapenda kununua diklofenaki ao ibuprofeni bila kuuliza. Kwa mutu wa moyo dawa hizo ni mbaya: zinapandisha tansio, zinaumiza figo, zinaongeza hatari ya shambulio lingine. Parasetamoli, kwa kipimo chake, ndiyo inafaa. Na kama anakunywa majani ya kienyeji, asifiche. Mizizi mingine inagombana na dawa za damu. Maombi na vidonge vinaweza kukaa mu nyumba moja. Anayemuombea muzee asimunyanganye dawa.

Sahani ya nyumbani

Hakuna haja ya chakula cha duka kubwa. Maharagi, lengalenga, sombe, samaki fresh, sambaza, ndizi, maparachichi: hivi vyote ni chakula cha moyo. Shida ni mambo matatu.

Ya kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani (OMS) linaomba mutu asipite gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, ukihesabu chumvi yote ya chakula. Makayabu na kibe za supu zinapitisha kipimo hicho haraka. Tumieni kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na nyanya kwa kuleta utamu. Ya pili ni mafuta. Mawese yanaweza kubaki mu sombe, lakini kijiko, si kikombe. Karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha kolesteroli. Vya kukaanga viwe vya siku moja moja. Ya tatu ni wingi wa bugali na sukari mu chai, zaidi kwa mwenye ugonjwa wa sukari.

Tumbaku, hata ya kunusa, iishe kabisa. Na mupishi asimupikie muzee chungu chake pekee kama mufungwa. Nyumba yote ikipunguza chumvi, yeye hatajisikia kutengwa, na watoto pia wanalindwa.

Machozi na kimya

Kiisha shambulio la moyo, karibu mutu mumoja kati ya watano anaingia mu huzuni kubwa. Anakosa usingizi, hataki kula, hataki watu, anakasirika bure. Muzee aliyekuwa anaamua kila kitu mu nyumba leo anasaidiwa kuvaa soksi, na anaona deni la safari ya matibabu machoni pa watoto wake. Hasemi, lakini anafikiri: nimewamalizia feza.

Mumurudishie nafasi yake. Mumuulize shauri juu ya shamba, juu ya mahari, juu ya masomo ya wajukuu. Musizungumuze deni juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Kama huzuni inapita juma mbili, muambieni munganga. Huzuni hiyo ni ugonjwa wenye dawa, na mugonjwa mwenye kukata tamaa ndiye anayeacha vidonge.

Maswali ambayo watu wanaogopa kuuliza

*Mapendo ya bwana na bibi?* Si mwisho. Mutu anayeweza kupanda ngazi za gorofa mbili bila kukosa pumzi ao maumivu, mara mingi anaweza kurudilia, kati ya juma ya 6 na ya 8, bila kuegemea kifua. Hatari iko ku dawa za nguvu za kiume (sildenafili): zikikutana na trinitrini ya moyo, tansio inaanguka na mutu anaweza kufa. Asinunue bila munganga.

*Ganzi ku kifua na kidonda kinachowasha?* Inaweza kuchukua miezi. Si hatari kama hakuna usaha wala homa.

*Nani atamufuatilia, kama aliyemupasua yuko mbali?* Munganga wa hapa karibu anaweza kupima tansio, sukari, uzito na kidonda. Ndiyo maana karatasi ya ripoti ya upasuaji na orodha ya dawa visipotee. Fanyeni kopi mbili, na picha mu telefone ya watoto wawili.

Ya kubandika ku ukuta

Kimbieni hospitali siku ile ile kama muzee iko na:

- maumivu ya kubana mu kifua, kama yale ya kwanza;
- pumzi fupi wakati amelala, ao anaomba mito mingi kwa kulala;
- uzito unaoongezeka kilo 2 mu siku 3, na miguu inayovimba yote miwili;
- homa ya 38 na zaidi, usaha, ao kidonda kinachofunguka;
- mufupa wa kifua unaolia «ko» wakati anajigeuza;
- moyo unaokimbia bila sababu, kizunguzungu ao kuzimia;
- muguu mumoja unaovimba na kuuma sana;
- mudomo unaopinda, mukono unaolegea, ao maneno yasiyoeleweka.

Chini ya orodha hiyo andikeni namba ya munganga, namba ya jirani mwenye gari, na jina la mutoto mumoja anayehusika na dawa kila mwezi. Jina moja, si «sisi wote». Mu familia nyingi vidonge vinakosa siku ile kila mutu alifikiri mwingine amenunua.